Duara Lisilosimama

Kaka yangu Mwakio,

Leo Voi kuna upepo ule wa kufungia madirisha, na vumbi jekundu limeingia hata kwenye chai. Nimekukumbuka. Sisemi hivyo ili uone haya, ingawa ukiona haya kidogo si vibaya.

Unakumbuka ulivyotengeneza ile programu ya kupumua? Kifua cha mama kilianza kumbana tuliposhuka kutoka Wusi kule milimani, nawe ulikuwa mwalimu wa kompyuta pale chuoni nyuma ya soko. Wanafunzi wakishaondoka jioni, ulimketisha mbele ya skrini. Duara likikua, anavuta pumzi puani. Likinywea, anaitoa polepole mdomoni. Baada ya muda mfupi duara lilisimama, maneno yakatokea: "Basi mama, pumzika." Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikaa pembeni nikipumua pamoja naye, bure tu, maana kifua changu kilikuwa kizima.

Kisha akaja yule mwekezaji kutoka Mombasa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, akamchinjia kuku. Bwana yule aliisifu kazi yako, ila maneno ya mwisho hakuyapenda.

"Ukimwambia mtu basi, kesho atarudi kufanya nini?" alikuuliza. "Mimi naweka pesa yangu pale watu wanakaa, hawainuki."

Ulinivuta kando ukaninong'oneza, "Huyu anataka dawa isiyoponya." Tukacheka sana. Haukupita muda ukaondoka naye kwenda Nairobi.

Nimelifikiria sana jambo hilo nikifua, nikipika. Simwoni kuwa mtu mbaya. Anayepata riziki watu wakikaa, hawezi kufurahi wakiinuka waende zao. Lakini kupumua vizuri si ni ili mtu ainuke akaendelee na shughuli zake? Wewe ulilijua hilo kabla yangu.

Disketi mpya uliyotuma ilifika. Rangi zinapendeza, hata muziki umeweka. Ila duara halisimami, kaka. Mama alilifuata mpaka akashikwa na kizunguzungu. Nikamgusa bega. "Mama, basi. Twende nyumbani."

Akauondoa mkono wangu. "Mwanangu bado hajasema."

Anaamini ni wewe uliye upande wa pili, unampimia pumzi. Kila jioni anataka nimpeleke chuoni. Nimemweleza kwamba ile ni mashine tu, inafuata ilivyoamriwa, naye ananiambia nina wivu. Labda ninao. Nimekuwa mpweke mno tangu uende, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe usiyejibu.

Usihangaike kututumia disketi nyingine. Njoo mwenyewe. Nyumba hii ina watu wawili wanaokungoja, na katika kukungoja tumeacha kuzungumza sisi kwa sisi.

Ni mimi,
dada yako mdogo, uliyemwachia mama