Kahawa Niliyompa Mwenye Hoteli

Jumatatu, 3 Machi

Nimepalilia migomba tangu asubuhi. Mgongo unauma. Wapima ardhi wamerudi kwenye ghala la zamani la kahawa, lile linalopakana na kibanja changu cha migomba. Wanapiga rangi nyekundu ukutani, hata hodi hawasemi. Mwekezaji anataka kulivunja ajenge hoteli. Ghorofa nne! Upande wa pili wa ghala ni ikulu ya zamani ya mkama, mfalme wetu, eneo la hifadhi. Mimi nikitaka kubadilisha bati la jiko naambiwa niombe kibali, nisiharibu mandhari. Yeye ghorofa nne. Wageni watakunywa bia huku wanachungulia makaburi ya wakama, na kaburi la mume wangu hapa migombani. Sikubali.

Jumatano, 5 Machi

Tumepakwa majivu, kisha majirani tukakaa kikao nje ya kanisa. Wamenichagua mimi nimpinge mwekezaji kwenye mkutano wa mtaa. Ta Byabato, jirani yangu wa juu, kasema mdomo wangu unatosha kwa mtaa mzima. Nimefurahi, nisiseme uongo.

Jumapili, 9 Machi

Mwekezaji kaja nyumbani. Peke yake, suti, viatu vimejaa tope. Nilidhani ni mtu wa mbali, kumbe Mhaya mwenzetu, wa Izigo. Kainama, kanisalimia kwa Kihaya, kaniita mama. Nikafanya kama ninavyomfanyia kila anayekaa kwenye kiti changu. Nikaleta kahawa ya kutafuna, nikatafuna mimi kwanza, nikampa. Mkono ulienda wenyewe. Hoteli hakuigusia. Kamsifia marehemu, kaaga, kaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Mshenzi. Mshenzi mkubwa.

Mkutanoni kasimama kabla yangu. "Nawashukuru wazee. Ma Koku amenipokea kwake, tumetafuna kahawa pamoja." Basi. Watu wote wakanigeukia mimi. Kwetu hutafuni kahawa na mtu halafu ukasimama hadharani kumpinga. Ni kumgeuka ndugu. Angekuwa Mzungu ningesema hajui. Huyu anajua, na ndiyo maana alikuja.

Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema nilimpokea kama mgeni, hoteli yake siitaki. Mtu akacheka nyuma. Ta Byabato akasema, "Ma Koku, keti tu." Nikaketi. Hakuna mwingine aliyekuwa amejiandaa kusema. Afisa wa ardhi aliyesimamia mkutano kauliza kama kuna pingamizi, karudia kuuliza. Wanaume wazima wanaangalia viatu vyao.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeingizwa mjini, na umri huu. Bombani wamenipa mgongo nilipofika. Wanasema nimekula chake. Nimekula nini? Kahawa ilikuwa yangu!

Jumanne, 25 Machi

Tingatinga limefika. Nyumba inatikisika, vikombe vinagongana kabatini. Nilimpigia simu mtu wa mambo ya kale. Kasema ghala halimo ndani ya mpaka wa hifadhi, liko karibu tu. Karibu tu! Vumbi limejaa kwenye migomba, kaburi halionekani rangi. Nimelifagia. Baada ya muda likawa vile vile.

Ta Byabato kapita barabarani, kajifanya anatazama simu. Mwekezaji namchukia. Byabato namchukia zaidi, maana yeye ananijua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imekatika alfajiri. Misa ya kwanza sikwenda.

Ghala limekwisha, hata mawe wameyabeba. Nimefungua dirisha la jiko nikaona paa la ikulu, na nyuma yake ziwa. Tangu niolewe napika humu, na ziwa sijawahi kuliona nikiwa jikoni. Ghala lilikuwa limeliziba. Leo maji yametulia, na visiwa vinaonekana. Ni pazuri jamani, siwezi kukataa. Nimesimama pale mpaka ndizi zikaungulia sufuriani.

Kesho wanachimba msingi.