Ukuta Uliovishwa Godoro

Ibighi, Tukuyu
18 Mei 1997

Dada yangu Sekela,

Mugonile. Kwa heshima zote, na kwa niaba ya ukoo uliopo hapa Ibighi, nakutangazia rasmi kwamba nyumba yangu imevaa godoro. Sisemi kitanda, dada; nasema ukuta. Ni wa kwanza kuvikwa hivyo katika wilaya yote ya Rungwe kwa kadiri nilivyoulizia, na sikuulizia sana.

Baada ya tangazo hilo nakusalimu. Hujambo? Shemeji Hezron mgongo wake unaendeleaje? Watoto wanasoma au wanakwenda shule tu? Sisi huku mvua inanyesha kama imetukuta na kosa, ndizi zimejaa, na mimi mwili wangu hauna neno. Habari za Baba zinakuja, ila nivumilie nianzie mbali, maana nikianzia karibu utafunga mizigo kabla hujafika mwisho, na mwishoni ndiko liliko ombi langu.

Unakumbuka nyumba ya Baba kule Matwebe ilipobomoka, tukakubaliana mimi na wewe kwamba Baba aje akae kwangu. Chumba nilichokuwa nacho kimepakana na banda la mashine ya kusaga. Tangu biashara iachiwe huru kila mwenye kuthubutu ana mashine, nami nilithubutu. Ni ya dizeli, kuukuu, na ikinguruma vikombe vya kabatini vinasalimiana.

Mwanzoni Baba hakusema kitu. Baadaye akasema mashine ile haimpi usingizi. Alisema hivyo tu. Unamjua, maneno anayatoa kama mtu anayetoa ng'ombe. Mimi nikajua ni kelele. Nani angefikiri vingine? Wateja wenyewe wakija hapa wanaongea kwa mikono.

Sasa, kwaya yetu ilipokwenda Mbeya kurekodi kaseti, mimi niliwasindikiza. Mle studio kuta zote zimebandikwa sponji. Fundi akanieleza kwamba sauti ikigonga ukuta mgumu inarudi, ikigonga sponji inaingia na kupotelea humo. Nikapiga kofi kujaribu, kofi likafia mkononi. Nilirudi Tukuyu nimeiva.

Nikaenda kwa Bushiri, yule muuza magodoro. Alicheka mpaka akashika meza, akasema wateja wake wote wanalalia godoro, mimi ndiye wa kwanza kutaka godoro lilalie ukuta. Mkewe Mwanahalima akadakia kutoka nyuma ya duka kwamba aniuzie na shuka kabisa, ukuta usije ukapata baridi. Nikawaacha wacheke. Nilichukua sponji na gundi ya viatu, nikabandika ukuta wa upande wa mashine, nikabandika na mlango, dirisha nikalifunga na kulibandika juu yake, na ule mwanya kati ya ukuta na bati nikausindilia mabaki. Mashine ikawa inasikika kama nyuki ndani ya kibuyu. Baba akapapasa ukuta, akanishukuru, akasema ndaga. Siku ile nilitembea mjini kama injinia.

Kitu kimoja injinia alikisahau, na mtoto yeyote wa Kinyakyusa angekikumbuka. Bushiri ilibidi nimweleze, maana kwao jambo hili halipo: kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ndiyo maana Baba, kabla hajatoka chumbani, hujikohoza. Mke wangu Beatrice akisikia, anapita mlango wa uani mpaka mzee amalize shughuli zake. Chakula anakiweka kwenye kigoda nje ya mlango, anaondoka, ndipo Baba anafungua. Wameishi hivyo ndani ya nyumba moja bila kugongana, kwa kikohozi tu.

Sponji likala kikohozi.

Beatrice alikuwa anatoka kuoga, amejifunga kanga moja, beseni mkononi. Baba akajikohoza kwa adabu zote, akafungua mlango. Wakakutana koridoni pua kwa pua, kama watu wa ahadi. Beseni likaanguka, Beatrice akakimbilia migombani, na Baba akageukia ukuta akajifunika koti kichwani.

Jioni aliniita. Akasema nyumba inayomeza kikohozi cha mzee imekwisha kumwambia aondoke, hata kama mwenye nyumba hajapata ujasiri. Akataka nimrudishe Matwebe. Nikamwambia kule nyumba imebomoka. Akanijibu kwamba iliyobomoka ina adabu. Mwinjilisti akaja kumtuliza kwamba jambo lile si dhambi. Baba akasema hakuna aliyetaja dhambi, yeye ametaja aibu, na hiyo mwinjilisti hana dawa yake.

Tangu hapo hakutoka, isipokuwa kwenda chooni alfajiri kabla nyumba haijaamka. Nilitaka kubandua sponji la mlangoni. Nikawa nasema kesho, kwa sababu, dada, lilikuwa limeshika vizuri mno.

Nilimwandikia Baba mdogo Simon kwamba Baba alizidiwa, nikambeba mimi na Amoni wa mashine tukamkimbiza hospitali. Ukoo wote umepokea hivyo, na nimesifiwa. Wewe nakwambia ilivyokuwa.

Mimi na Amoni tulikuwa Kyimo kununua mahindi. Beatrice alirudi kutoa bakuli kwenye kigoda, akakuta uji umefanya utando, haujaguswa. Akaita, kimya. Akagonga mlango, anasema ngumi ilizama kama amepiga mto. Akasimama pale, akafikiri habari za Baba, za mama yake, za wanawake wote wa Ibighi na midomo yao. Kisha akaingia. Baba alikuwa sakafuni kando ya kitanda, anakohoa kile kikohozi kisicho cha adabu, chenyewe hasa, na ilionekana amekohoa hivyo muda mrefu. Sisi tulikuwa tunalala salama, tunasifu utulivu. Kumbe sponji halichagui upande.

Alimbeba mgongoni, dada. Baba mkwe, mgongoni, kama mtoto, akamfunga kwa kanga, akapandisha naye kilima mpaka barabarani, watu wanaona. Baadaye nilipomuuliza kama hakuogopa, alinijibu kwamba aliogopa sana, ila aibu ya mzee aliye hai inaongeleka.

Tabibu aliniuliza mgonjwa analala wapi. Nikamweleza. Akasema ni kifua: vumbi la unga na moshi wa dizeli vimekuwa vikipenya kutoka bandani. Akauliza kama chumba kina dirisha. Nikasema lipo, nimeliziba vizuri. Na mwanya wa juu? Nao nimeuziba. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Baba aliposema mashine haimpi usingizi hakutaja kelele hata siku moja. Kelele nilizitaja mimi.

Anaendelea vizuri sasa, anakula. Lakini anasema kwangu harudi. Anasema mkwe aliyembeba hawezi tena kumkimbia, na yeye hajui kuishi na mkwe asiyemkimbia. Beatrice naye kila siku anapika uji, anaupeleka mpaka getini, anampa muuguzi, anageuka. Mama yake ametuma mtu kuuliza kama ni kweli binti yake amevua heshima hadharani. Hajalia, ila ameacha kuimba akifagia, na hilo linanitisha kuliko kulia.

Kwa hiyo njoo, dada. Wewe ndiye binti yake mkubwa, unaweza kukaa kitandani kwake na kumlisha bila mtu kujifunika koti. Mwambie uji anaousifu umepikwa na nani. Mwambie mashine nitaihamishia kiwanjani kwa Bushiri, na dirisha nimekwisha kulifungua. Akikubali kurudi, wakubwa wakae wawapatanishe kwa desturi, wajue pa kuanzia upya. Neno langu kwake limekwisha. Mimi ni mtu aliyemziba. Asipokubali, atakwenda kulala chini ya paa lililoanguka, na Beatrice atabeba lawama hiyo maisha yake yote mgongoni palepale.

Wasalimie shemeji na watoto. Mwambie Hezron ndizi zake nitakupa urudi nazo. Beatrice anakusalimu, amesema nisiandike zaidi ya hapo.

Ni mimi mdogo wako,
Anyitike

N.B. Ukifika usihangaike kuuliza. Ni wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, nyuma ya ukuta wake ndipo linaponguruma jenereta la hospitali. Muuguzi anasema analala fofofo.