Mafuta ya Juzi Kwenye Karai Lako

Mama yangu uliyeacha jiko likiwaka,

Nianze na habari njema: Kisumu nzima hakuna mwenye bahati kama mwanao. Wiki jana nilipimwa damu, daktari akabaki ameshika karatasi, mdomo wazi. "Bwana, hii ni damu ya mtoto wa shule!" Akaita wenzake waje waone. Mimi huyu, niliyekula kwenye karai lako miaka arobaini! Nimefika Mombasa, nimefika Kampala, nimekula vya huko vyote, na kiuno changu bado kinaingia kaptula ya darasa la sita. Ukonde huu umeniachia wewe.

Unakumbuka siku watu wa kliniki walipokuja kupima bure pale bichi ya Dunga? Ulikuwa unakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Dada wa kliniki akakuambia, "Mama, njoo upimwe mafuta kwenye damu." Ukacheka hadi mwiko ukaanguka. Ukamsukuma jirani yako wa meza, Mama Akoth, anayejaza benchi peke yake.

"Pima huyu! Mimi mafuta yangekaa wapi? Kwa kisigino?"

"Wivu tu, fimbo ya kuchungia ng'ombe wewe!" akajibu, lakini akaenda akapimwa. Bichi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Mama Akoth akaanza kula samaki wa kuchemsha, na mpaka leo anatukana wateja pale pale. Wewe, asubuhi moja, nikaona chai inakutoka upande mmoja wa mdomo. Kiharusi. Kina shangazi wakasema umerogwa, kwa sababu mtu mkonde haugui mafuta. Nilikataa matangani, na leo nakataa kwa maandishi: hakuna aliyekuroga. Daktari amenieleza polepole, anajua shule niliiacha darasa la saba. Mafuta mabaya hayangoji tumbo liote. Yanatembea na damu, yanagandia ndani ya mishipa kimya kimya, na kwa nje mtu amenyooka kama mkuki. Wengine huzaliwa na mwili wa kuyarundika. Na mafuta ya kupikia yakichemshwa tena na tena huharibika, yakazidisha balaa.

Yako yalikuwa hayaishi, Mama. Uliongeza mapya juu ya yale ya juzi, meusi kama chai ya rangi. "Usimwage, nyathina, mwanangu," uliniambia, "hiyo ndiyo ladha inayorudisha wateja." Na kweli walirudi.

Karai nililirithi nikaendelea hivyo hivyo, ila leo asubuhi nimeyamwaga. Yote, shimoni. Nimesugua karai kwa mchanga mpaka nikaona chuma ambacho sijawahi kukiona. Wateja wamenuna, mmoja ameuliza kama nimeokoka. Nikamwambia, "Kaa ule, mahubiri baadaye." Wewe nawe nikasirikie ukitaka. Njoo unichape na mwiko, nitafurahi. Lakini mafuta ya juzi sirudishi, hata ukinijia ndotoni na bichi nzima nyuma yako.

Pumzika sasa, Mama. Ila hukuwahi kushindwa kunishika nikidanganya, kwa hivyo acha niseme mwenyewe: ile ya damu ya mtoto wa shule ni uongo. Daktari hakuita mtu. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi na ukonde wangu, akauliza, "Mama yako alikufa na nini?"

Mimi, kitinda mimba wako