Nilijibu "Mwenyewe" kwa Nyumba Isiyo Yangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo hakutakuwa na la kushauri.

Mimi ni mtunzaji wa nyumba moja iliyo mwisho wa barabara ya ufukweni, nimeitunza miaka ishirini na moja na kila siku nimeandika daftarini nilichofanya, tarehe juu, kazi chini, kwa hiyo haya ninayokueleza siyatoi kichwani. Nyumba hiyo aliichora na kuijenga marehemu mume wa mwenye nyumba, ambaye mimi namwita Mama, kabla sijazaliwa, na mpaka leo wapita njia husimama kuitazama kana kwamba imetua asubuhi hiyo hiyo: paa bapa limekaa juu ya nguzo nyembamba za chuma utadhani halina uzito, ngazi zinatoka ukutani kama droo zilizovutwa, na upande wa bahari hakuna ukuta bali vioo vitupu, na mbele yake vibao vya zege vimesimama wima kama kurasa za kitabu kilichoachwa wazi. Siku ya kwanza nilivua viatu bila kuambiwa. Chumvi ya bahari hula chuma, lakini cha nyumba ile haijakionja, kwa sababu kila Jumatatu nakiosha kwa maji ya bomba, nakikausha, nakipaka mafuta. Na saa kumi alasiri jua hupenya kati ya vibao likachora mistari kwenye sakafu ya ukumbi, na mistari hiyo huhama kidogo kidogo mwaka mzima. Nimeandika, "Tarehe 12 Februari, mstari wa kwanza umegusa mlango wa stoo," na mwaka uliofuata, tarehe ile ile, mlango ule ule. Aliyejenga alikuwa amepatana na jua, Mshauri, nimeyashuhudia mapatano hayo mara ishirini na moja na bado mwili hunisisimka. Mke wangu hunitania kwamba nyumba ile ndiyo mke mkubwa, yeye kaolewa wa pili.

Sasa magoti ya Mama yamechoka, ngazi zile hazina pa kushika, analala sebuleni, na binti yake anayeishi mji wa mbali akasema iuzwe ili mama yake ahamie kwake. Kwa kuwa Mama hasikii vizuri kwenye simu, kibao cha "Inauzwa" pale getini kiliandikwa namba yangu. Tarehe 3 Mei mtu wa kwanza akapiga, akauliza, "Naongea na mwenyewe?" nami nikajibu kama ninavyojibu simu zote, "Ndiyo, mwenyewe," nikimaanisha mwenye simu, yeye akaelewa mwenye nyumba, akaanza kunisemesha kwa heshima kubwa, na neno lile likanilevya, nikasikia mdomo wangu unasema, "Imeshapata mtu, ndugu yangu." Wa pili vivyo hivyo, wa tatu pia, mpaka wa tisa. Wote nimewaandika: tarehe, saa, namba, na uongo niliowapa.

Wa tisa ni mwalimu wa hesabu. Yeye alikuja hata baada ya kuambiwa.

"Najua imeshauzwa, kaka. Niruhusu nione tu."

Mama alikuwa jikoni, nikamfungulia. Akavua viatu bila kuambiwa. Ilikuwa saa kumi. Akasimama katikati ya ile mistari ya jua mpaka nikaogopa kukohoa, kisha akanong'ona, "Aliyeinunua anajua alichopata?"

Alipoondoka Mama akaniuliza, "Nani huyo?"

"Amepotea njia, Mama."

"Wanaopotea njia wapo. Wa kununua ndio hakuna." Akainua macho kutazama dari. "Kumbe marehemu alijenga kitu kisichotakiwa na mtu."

Kesho yake akamwambia binti yake amkubali bwana mmoja aliyemfuata huko huko, anayetaka kiwanja tu. Jumamosi anakuja kutia sahihi, halafu avunje. Nikisema kweli, Mama atanitazamaje? Nikinyamaza, nyumba inakwenda. Nifanye nini?

Mtunzaji

MSHAURI ANAJIBU

Mtunzaji, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine, Jumamosi haipangi foleni. Pale penye mstari wa jua na mlango wa stoo nimesoma mara mbili, nikainuka kutazama jua la ofisini kwangu linaangukia wapi. Linaangukia ndoo ya taka.

Lakini usidhani uzuri huo utakuosha. Ulitaka kuiokoa nyumba, ukaipeleka kwa mwenye nyundo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hapo ndipo neno lako lile, "mwenyewe", umelipata kwa halali.

Na nyumba siyo kosa lako kubwa. Umemwacha mjane aamini kwamba kazi ya mumewe haina wa kuitaka, na watu tisa wamepiga simu! Umemzika marehemu mara ya pili, ukiwa na kitambaa cha mafuta mkononi.

Sasa kunja gazeti hili, chukua daftari. Keti karibu na Mama, upande wa sikio linalosikia, umsomee simu zote tisa bila kuruka hata moja. Atakasirika. Mwache, ni haki yake, na ukifukuzwa umefukuzwa. Halafu ampigie binti yake wewe ukiwepo. Bwana wa kiwanja hajatia sahihi, na asiyetia sahihi ni mgeni tu.

Mama akikubali, mpigie mwalimu. Namba unayo, maana Mungu kakujalia uongo na kumbukumbu kwa pamoja. Atakayeinunua, awe yeye au mwingine, mkabidhi daftari zote bila kumwomba kazi. Hizo ni nusu ya nyumba. Asiyejua habari ya Jumatatu na mafuta atanunua kutu.

Na mwalimu akipokea akauliza, "Nani mwenzangu?", usijitie ukubwa tena. Mjibu: "Mtunzaji. Mwenyewe yuko hapa kando yangu, na anasema bado inauzwa."