Midomo Kufa Ganzi

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, na cherehani yangu nayo imepona. Kile kipimo cha sukari ulichonitumia kimeganda mkononi, kidogo kama kifungo, na namba zake nazisoma kwenye simu.

Mwanzo nilimshuku shangazi yako ninayekaa naye kuwa ananichongea kwako. Nikila keki kwa jirani, hata mdomo sijafuta, unapiga: "Mama, sukari imepanda." Nikamnunia wiki nzima, kumbe namba zinakufikia hukohuko uliko. Nimemwomba radhi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Jumanne, nikikata gauni la bibi harusi, jasho lilinitoka na mikono ikaanza kutetemeka. Simu ikalia.

"Mama, sukari inashuka. Midomo imekufa ganzi?"

"Kidogo."

"Weka mkasi chini. Kunywa juisi, kisha ukae mpaka ganzi iishe. Huanza kuisha kwenye ulimi."

Nikatii, na kweli ilianzia kwenye ulimi. Ahsante, mwanangu.

Tangu siku hiyo sina raha. Kipimo hutuma namba tu, habari za ulimi hakizijui. Daktari wangu anasema hajawahi kuzungumza nawe. Na picha zako zote za mwaka huu umevaa blauzi za mikono mirefu, ilhali kila siku unalalamikia joto.

Usinijibu kwa maneno, maana maneno unayaweza. Kunja mkono wa blauzi, piga picha, nitumie. Nikikuta nawe umevaa kipimo, sitakugombeza. Nitataka tu namba zako zije kwangu.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama