Kazi za Mama Ziko Kikapuni na Kaka Anakuja Kufuta

Mshauri, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho, maana mimi kusema ni kazi, nikisimama mbele ya watu watatu tu maneno yananikaukia, lakini kalamu nikiishika haikubali kuniachia.

Mimi ni msichana wa sekondari, mama yangu ni fundi cherehani na anafundisha ushonaji hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele ndicho darasa, kuna cherehani nne na meza ya kukatia na kwenye kona kuna kompyuta mpya ambayo mama aliinunua ili aweke video za masomo yake, anajirekodi kwa simu akikata na kushona halafu anazihamishia kwenye kompyuta, na mwanafunzi aliyekosa darasa anakuja na flashi anapewa somo lake. Dukani mama aliomba kompyuta iwekewe Kiswahili kitupu, wakamwekea, akaifurahia kama mtu aliyeletewa shoga wa kuzungumza naye.

Sasa kompyuta haijamaliza hata muhula ikaanza kulalamika kwamba haina nafasi. Mpya hii! Mwanafunzi mmoja wa mama tunamwita Mama Zipu, kwa sababu kila zipu anayoshona inafungukia chini, akasema, "Hiyo ina minyoo, inakula na hainenepi," wote wakacheka na mimi nikacheka, mpaka kaka yangu alipopigiwa simu. Kaka anasoma chuo mji mwingine na hapa nyumbani anaitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe. Hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Mama, ni huyo mdogo wangu na filamu zake. Mnamwona mkimya, kumbe anajaza mashine." Mama akanitazama kwa lile jicho lake la kupima kitambaa, na mimi nilitaka kusema kwamba nina filamu moja tu, moja mshauri, na hata sijaimaliza, lakini mdomo ukagoma, na kunyamaza kwangu kukawa ndiko kukiri.

Uchungu ule ndio ulionitia akili. Mama alipokwenda kununua vitambaa nilikaa kwenye kompyuta nikaifuta filamu yangu nikaangalia nafasi, haikuongezeka hata chembe. Nikajumlisha folda zote nilizoweza kuziona, hazikufika hata robo ya nafasi iliyokuwa imeliwa, kwa hiyo kuna kitu kikubwa kilikuwa kimekaa mahali ambapo sikupaangalia. Hapo nikakumbuka somo la kompyuta, kwamba kitu ukikifuta hakiondoki, kinakwenda kwanza kwenye pipa la taka na kinaendelea kula nafasi mpaka ulimwage pipa lenyewe. Lakini kompyuta za shule zinaongea Kiingereza na zina pipa, hii yetu ya Kiswahili haina pipa, pale pale penye pipa pamechorwa kikapu kizuri chenye mishikio na pameandikwa Kikapu. Nikakifungua ili nimalizane na filamu yangu, kidole kiko tayari juu ya "Mwaga vyote."

Mshauri, mle ndani nilikuta masomo ya mama. Yote! Kola, mfuko wa pembeni, kiuno cha lastiki, kila moja na jina lake, na kubwa kuliko yote limeandikwa KOTI LA BIBI MKASI MSIGUSE. Bibi Mkasi ndiye aliyemfundisha mama kazi, na koti hilo alilikata mbele ya simu ya mama kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, siku hizi hata uzi kwenye sindano hawezi kuutunga. Limeandikwa msiguse na limekaa kwenye taka.

Nilitoa kidole kama mtu aliyegusa pasi. Halafu, nisikufiche, nilicheza, nilicheza peke yangu katikati ya cherehani, kwa sababu nilikuwa nimeupata ugonjwa ambao Injinia mzima aliukosa, na mgonjwa hakuwa mimi.

Mama aliporudi nikamuuliza kwa kuzunguka, "Mama, masomo yako ukishamaliza kuyarekodi huwa unayaweka wapi?"

"Kikapuni."

"Kwa nini kikapuni?"

"Sasa mwanangu, kitu nimekihangaikia hivyo nikiache kinazagaa? Nakitia kikapuni, nikikitaka nakitoa. Kikapu kina kazi gani nyingine?"

Na kwa Kiswahili mama yuko sahihi kabisa, kikapu ni cha vitu unavyovitaka, nani amewahi kumwona mtu anatoka sokoni amebeba kikapu cha taka? Nilikuwa najikusanya nimwambie, simu ikalia, ni kaka, na mama husikilizia kwenye spika ili mikono ibaki kwenye cherehani.

"Mama, Jumamosi nakuja kuifomati hiyo mashine. Nafuta kila kitu, inakuwa kama imetoka dukani. Vile vitu vyako vya masomo vipi?"

"Vyote viko kikapuni, baba."

"Ahaa! Safi sana, umenirahisishia kazi."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie."

Wote wawili wakafurahi na simu ikakatwa, na mimi nimesimama pale na rula mkononi, mtu pekee katika nyumba nzima aliyeelewa walichokubaliana.

Na bado sijasema. Nikisema, kaka atamcheka mama mbele ya wanafunzi wake, na kicheko cha kaka kinasikika mpaka barabarani, na mama darasani ndiye mwalimu, sitaki wamwone kama mtu aliyetupa kazi yake mwenyewe. Nikinyamaza, Jumamosi kila kitu kinakwenda. Nimewaza nihamishe video kimya kimya mama asijue, niendelee tu kuitwa mla nafasi, nimeshazoea. Nifanyeje? Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mimi, Mkimya wa Chumba cha Mbele

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifikia Jumamosi ikiwa imekaribia, kwa hiyo sikungoja gazeti. Nilimtumia jibu kwa simu, nalo ni hili.

Kwanza pokea mkono wangu wa pongezi. Umesingiziwa, na badala ya kwenda kulia chumbani ukakaa ukapiga hesabu mpaka ukakipata kinachokula nafasi. Ningekuwa jirani yako ningekuja tucheze wote.

Sasa nikugombeze. Umejaza kurasa kunieleza mimi nisiyekujua, na mama yako yuko upande wa pili wa meza! Unamwonea huruma asichekwe? Achekwe! Kicheko kinakwisha kabla chai haijapoa. Koti la Bibi Mkasi likifutwa, ile mikono iliyolikata utaitoa wapi? Hiyo huruma yako, binti yangu, ina woga mwingi ndani yake, na wewe unajua.

Kuhamisha kimya kimya nakukataza. Kesho mama atarekodi somo jipya, atalitia kikapuni, na mtarudi pale pale, wewe ukiwa bado mla nafasi.

Usimwage hicho kikapu hata kwa bahati mbaya. Rejesha kila somo kutoka humo, liende kwenye folda ya kawaida, na jina la folda alichague mama mwenyewe. Lakini hapo hujamaliza, maana kaka yako akifomati, na folda inakwenda. Azima diski ya nje kwa mwalimu wako wa kompyuta, nakili masomo yote, halafu fungua moja moja uone linacheza. Hapa nimemuuliza fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, amenigongea meza: usiamini nakala ambayo hujaifungua. Na mwambie mama ukweli mwingine, kwamba video zake ni nzito na zitaendelea kula nafasi hata zikikaa mahali pake, kwa hiyo atahitaji diski yake mwenyewe. Kufomati hakuhitajiki. Mashine ni nzima.

Kumwambia usianze na "mama umekosea." Mwambie hivi: "Mama, kompyuta hii pipa la taka inaliita kikapu." Fundi mwenye akili ataelewa hapo hapo, na atakasirikia anayestahili, yaani aliyelichagua neno hilo.

Kaka yako usimwombe ruhusa. Akikaa kwenye kiti na mdomo ukagoma, weka mkono juu ya kipanya. Sauti itafuata.

Na wewe Injinia, kama unasoma gazeti hili: ukiambiwa vitu viko kikapuni, uliza kikapu gani.

UJUMBE ALIOTURUDISHIA

Mshauri, kaka alikuja Ijumaa! Jibu lako nililisoma nikitoka shule, nikarudi kuazima diski ya mwalimu, iko begini, najipanga maneno njia nzima, nafika mlangoni namkuta ameshakaa, viatu hajavua, Kikapu kimefunguliwa kwenye kioo, na darasa limejaa watu.

Anasema, "Heh! Taka zote hizi! Ndiyo maana."

Sikumbuki nilivyovuka chumba, najua nilimwangushia mtu mkebe wa pini. Niliweka mkono juu ya mkono wake juu ya kipanya, nikasema, "Usiguse."

"Kumbe una sauti?"

"Ninayo. Toa mkono."

Cherehani zote zikanyamaza. Nikamgeukia mama nikasema kama ulivyoniambia, kwamba kompyuta hii pipa la taka inaliita kikapu, na masomo yake yote yako humo, na kaka alikuwa anataka kuyamwaga. Mama akaitazama kompyuta, akamtazama kaka.

"Yaani nilipokwambia viko kikapuni ulielewa nimevitupa?"

"Mama, kila mtu anajua kile ni cha taka..." na akaanza kile kicheko chake.

"Kila mtu nani?" Mama Zipu akadakia. "Wewe nyumbani kwenu viazi mnaweka kwenye pipa?"

Basi hapo darasa zima likamgeukia kaka, huyu anamuuliza kikapu cha mama yake alikiona lini na taka, yule anamwambia injinia gani huyo anafuta kabla ya kusoma, na jina la somo limeandikwa kwa herufi kubwa msiguse. Mama akacheka kuliko wote, alicheka mpaka akafuta macho kwa utepe wa kupimia. Kaka alivua viatu. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo nimejuaje, nikamweleza hesabu yangu ya folda, akasema, "Mimi sikujumlisha," na filamu yangu hakuitaja tena.

Nilirejesha masomo yote mbele yao, folda mama ameiita Kabati. Kunakili kulichukua muda, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani. Kisha nikaanza kufungua moja moja kama ulivyosema, nikafika kwenye koti, na mikono ya Bibi Mkasi ikatokea kwenye kioo, imetulia kabisa, mkasi unatembea juu ya chaki bila kusita. Mama akavuta kigoda chake karibu yangu.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," akasema. "Nataka waone alivyoanza."

Nikarudisha, halafu nikawaambia wote, kwa sauti, wasogee.