Kamera Iliyojaribiwa Dukani

Thuwaiba, naenda kazini. Chapati ziko kwenye hotpoti. ~~Maneno yako ya jana sijayasahau.~~ Baba yako mwachie mbili.

Ulisema nimenunua boksi zuri, si kamera. Iliniuma, lakini ni kweli: Linux yako, huo mfumo wa kompyuta, inataka kamera ambayo draiva yake, programu ya kuiendesha, iko wazi kwa wote, mie nilitazama rangi tu. Basi asubuhi, ungali umelala, nikaifunga kompyuta yako kwenye kanga, nikairudisha ile kamera dukani, kule Kings Heath. Nikamwambia muuzaji, kwetu hata balbu hujaribiwa dukani kabla ya kulipa. Akacheka, akachomeka. Mbili ziligoma. Ya tatu ikanionyesha uso wangu papo hapo; nikabadilishiwa hiyo.

Usaili wako wa kazi kwa video ni saa nane. Vaa mtandio wa buluu. Picha yangu ya majaribio iliyomo kwenye kompyuta usiifute mpaka wakuajiri.

Mama yako, asiyejua kununua